Nyasi Alizolaza Fulgensi

Mwaka ule mvua ilitangazwa kama ratiba ya basi, tofauti ni kwamba mvua haikuwahi kuchelewa. Tarehe saba Novemba, saa nane na robo mchana, milimita tisini na nne, mteremko wote wa Kimbelenge. Ujumbe uliingia kwenye simu za kijiji kizima asubuhi moja, siku kumi na tisa kabla, na mwishoni palikuwa na sentensi ambayo hakuna aliyewahi kuiona: Mteremko wenu hautashika.

Fulgensi Kapinga aliusoma akiwa amechuchumaa shambani kwa mwenyekiti, kipima pumzi kimezama ardhini hadi kwenye kishikio. Kilikuwa fimbo ya chuma yenye kioo kidogo kichwani. Unaichomeka, unasubiri dakika tatu, nayo inakuhesabia hewa inayotolewa na vijidudu vilivyomo humo chini, maana udongo mzima unapumua kama wewe na mimi, ila haukoromi. Udongo wa milima ya Umatengo ulipokuwa na afya yake ulisoma arobaini. Huu wa mwenyekiti ulisoma mbili.

"Kifaa chako kimeishiwa chaji," akasema mwenyekiti.

Otmari Hyera alikuwa katika mwaka wake wa kumi na moja wa uenyekiti, mtu wa kubishana hata na saa ya ukutani. Fulgensi akaichomoa fimbo, akaifuta kwenye suruali, akaichomeka hatua tatu pembeni. Wakasubiri. Mbili na nusu.

"Chaji imejaa, mwenyekiti. Kilichoisha ni kingine."

Zamani hapo angechomekea utani, na mwenyekiti angecheka bila kupenda. Safari hii utani haukuja. Mwenyekiti aliinama, akachota udongo wa tuta kiganjani, akaufinya. Miaka ya nyuma ungebaki donge lenye alama za vidole. Huu ulimchuruzika kama unga wa muhogo. Juu yao mteremko ulipanda hadi ukabana shingo ya mtu anayeutazama. Chini yao kulikuwa na nyumba arobaini na mbili, na ya kwanza ilikuwa ya mwenyekiti mwenyewe.

Hakuna aliyehitaji kuuliza nani ameua udongo. Wote walishiriki, tena wakicheka.

Mfadhili alifika miaka sita nyuma, ndani ya chupa ya lita moja. Alikuwa kijidudu kimoja tu, kilichotengenezwa maabara, hodari wa kuvuta naitrojeni hewani na kumkabidhi hindi mkononi. Alikuwa na tabia moja, ambayo kwenye chupa iliandikwa kwa herufi za kutafuta kwa miwani: hakupenda majirani. Popote alipomwagwa, bakteria wengine na kuvu walikufa, akabaki yeye. Mahindi yakasimama kama nguzo za umeme. Mtu wa kuwahamasisha wanakijiji alikuwa Fulgensi, kijana wa miaka ishirini aliyemaliza kidato cha nne kwa alama ambazo mama yake alizificha chini ya godoro, lakini mwenye mdomo wa kumuuzia mtu jua saa sita mchana.

Mkutano mzima ulikubali, isipokuwa mwanamke mmoja. Kolumba Kapinga, mjane, shangazi yake Fulgensi kwa baba, alisimama akauliza swali lake polepole. Mgeni anayewafukuza watu wote jikoni ili akupikie yeye peke yake, siku akiugua, nani atakupikia?

Lilikuwa swali zuri. Fulgensi alilijua kuwa zuri palepale, na ndiyo maana aliliwahi. Aliinuka kwenye benchi la mbele, akawaomba wajumbe wote wasimame kwa heshima kumpokea Mheshimiwa Waziri wa Minyoo. Wakasimama. Wakacheka hadi paa likaitikia. Tangu siku hiyo watoto walimwita Kolumba Waziri, na yeye akaacha kuazima majembe ya watu, akilima na lake tu, huko juu kabisa ambako shamba lake linakutana na mawe.

Na Februari mwaka huu Mfadhili aliugua. Ni kirusi kilichomla yeye tu, na kwa kuwa Mfadhili wa shamba hili alikuwa pacha wa Mfadhili wa shamba lile, kilichomwua mmoja kiliwaua wote. Wiki tatu tu. Jikoni hakukuwa na mtu. Mahindi ya kijiji yalinyauka yakiwa magotini, yote, isipokuwa ya Waziri wa Minyoo.

*

Daktari wa udongo alifika kutoka Songea siku ya pili yake. Imakulata Ngonyani alikuwa mwanamke mfupi, mwenye buti za mpira na desturi ya kuonja udongo kwa ncha ya ulimi kabla ya kuupima. Fulgensi, ambaye baada ya biashara ya chupa kufa aliandikishwa kuwa mpimaji wa kijiji, alimzungusha mashamba kumi na manne. Mbili. Tatu. Moja na nusu. Kwenye shamba la kumi na nne daktari hakuonja tena.

Ndipo mwenyekiti akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa jino, kwamba limebaki la Kolumba.

Walimkuta anapukuchua mahindi mlangoni. Wakatoleana Tumsifu Yesu Kristo na Milele Amina, akawatangulia shambani bila kuuliza wamefuata nini. Fulgensi alichomeka fimbo kwenye shimo la juu kati ya mashimo ya ngoro yaliyolijaza shamba. Thelathini na nane. La pembeni, thelathini na tisa. Kisha daktari akamwelekeza katikati ya shamba, na Fulgensi akahisi mkono wake unakuwa mzito kama jembe la mtu mwingine. Arobaini na mbili.

Daktari Imakulata aliketi chini palepale, kwenye udongo, kama mtu aliyefika kwao.

Aliwaeleza akiwa amekaa. Mmea hauna meno, alisema, hula kwa vinywa vya wengine. Mzizi unatoa sukari, na kuvu, kwa ajili ya sukari hiyo, wanatandaza nyuzi zao mbali kuliko mzizi unavyoweza kufika na kuleta fosforasi na maji. Bakteria wanavunja nyasi zilizofukiwa na kuacha chakula cha maharage. Na hao wote wakishakula hutoa ute, na ute huo ndio unaoshikanisha chembe za udongo, zikawa madonge yanayonywa mvua badala ya kusafiri nayo. Mwenyekiti aliuliza kama basi ni sawa na ugali na mlenda. Daktari alifikiri, akasema ni sawa kabisa, atakwenda kulitumia hilo chuoni.

Hesabu yake ilikuwa fupi. Wakichota udongo huu ulio hai, wakautia kwenye nyasi mpya za ngoro juu ya nyumba zote, wakaumwagilia maji, siku tisa za kula zingetosha kutoa ute wa kuushika mteremko mvua ya kwanza. Shamba la Kolumba lilitosha nyumba zote arobaini na mbili, kama wangechota lote.

"Chukueni," alisema Kolumba. "Udongo si wangu. Mimi niliulisha tu."

Yule mwanamke waliyesimama kumcheka. Mwenyekiti alitazama pembeni, akajikuna shingo ambayo haikuwa ikimwasha.

Lakini daktari hakuinuka bado. Fimbo inahesabu pumzi, alisema, haijui nani anapumua. Kujua nani, kunahitaji maabara na wiki sita, na wiki sita hazipo. Na Mfadhili, akiwemo, ni hatari kuliko udongo mfu, kwa sababu Mfadhili hana ute. Atapumua vizuri, fimbo itasoma arobaini, watu wataambiwa walale kwa amani, na mlima utawashukia wakiwa ndani.

Akatoa fomu, iliyokuwa kwenye kishikwambi.

"Humu Mfadhili amewahi kuingia?"

"Hajawahi kukanyaga," akasema Kolumba. "Muulize huyu. Ndiye aliyenilazia nyasi."

Wote wakamgeukia Fulgensi. Shangazi yake alikuwa anatabasamu, tabasamu la mtu anayemwonesha mgeni kitu chake cha thamani.

"Hapana," alisema Fulgensi.

Akaweka dole gumba kwenye kioo cha fomu. Kioo kikatoa mlio mdogo wa kuridhika.

*

Kwa Wamatengo shamba la mlimani hulimwa kwa ngoro, na ngoro haina mtu mmoja. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza juu ya ardhi kwa mistari inayokatana, miraba mitupu kama ya daftari la hesabu. Wanawake huja nyuma yao na majembe, huchimba katikati ya kila mraba na kuutupa udongo juu ya nyasi, mpaka mteremko wote unakuwa kama sega la nyuki, mashimo na kuta, na mvua inapotelea mashimoni badala ya kuteremka na nyumba za watu. Mwanamume halazi nyasi na kuzifukia. Mwanamke hafukii nyasi alizozilaza mwenyewe. Kwa hiyo mwanamke hufukia kitu ambacho mkono wa mwingine umekiweka, na hakuna anayefunua kuangalia. Ingekuwa kama kukaribishwa chakula na kukinusa.

Machi ya mwaka jana Kolumba aliomba wanaume wa ukoo wamsaidie siku moja. Fulgensi alikwenda, na katika mfuko wa koti alikuwa na chupa, imebaki robo. Alipokuwa analaza nyasi alikuwa akiinama, anadondoshea kidogo chini ya nyasi, anasogea. Alikuwa anacheka peke yake, machozi yanamtoka, mpaka shemeji mmoja wa shangazi akamuuliza kama ameumwa na siafu.

Mpango ulikuwa mtamu. Siku ya kuvuna angesimama mbele ya watu, angeyasifu mahindi ya Waziri, angemwacha Waziri ajisifu, kisha angesema: asante kwa Mfadhili. Alikuwa hata amefanya mazoezi ya ile nafasi ya kunyamaza kidogo ambapo watu wangecheka.

Kisha Februari kijiji kikakauka, na huko juu mahindi yakasimama, kwa kuwa kirusi kilisafiri kwa majembe ya kuazimana, na Kolumba haazimi. Na Julai, Jumapili ya mavuno, kabla Fulgensi hajapata la kufanya na utani wake, shangazi yake alisimama kanisani akiwa na mahindi mawili. Moja la kawaida, limejaa vizuri. La pili kama mkono wa mwanamieleka. Alisema la kwanza linatoka kwenye mashimo waliyolaza wengine, na la pili linatoka kwenye mashimo aliyolaza mwana wa kaka yake. Alisema watu humwona kijana huyu ni wa mizaha, lakini Mungu amemwonesha yeye Kolumba kwamba mkono wake una baraka. Akaomba makofi. Wakapiga makofi.

Fulgensi alivitazama viatu vyake mpaka akavijua kila uzi. Wahenga waliposema mzaha mzaha hutumbua usaha hawakueleza kwamba usaha wenyewe unaweza kupigiwa makofi.

Tangu siku hiyo hakutania. Watu walidhani amekua.

*

Siku tano zilipita kati ya fomu na kuchota, za kufyeka nyasi na kuteka maji. Siku ya tatu alipanda kwa shangazi yake mchana, amejiapiza kwamba harudi bila kusema.

Alikuwa na maneno tayari. Pia alikuwa na visingizio tayari, vilivyojipanga nyuma ya maneno kama watu wanaosubiri mlango ufunguliwe. Ilikuwa robo chupa tu. Labda kirusi kilifika huko kimyakimya kikamwua. Labda wenyeji walikuwa wengi wakamshinda. Lakini arobaini na mbili haikuwa pumzi ya maiti. Na hindi la pili aliliona kwa macho yake, kanisa zima liliona.

Akisema, nyumba arobaini na mbili zinapoteza tumaini lao, na shangazi yake anaaibishwa mara ya pili na kijana yuleyule. Asiposema, ndiye atakayepita nyumba kwa nyumba na fimbo yake. Ndiye atakayewaambia arobaini, kaeni. Ndiye atakayemwambia mama yake mzazi, ambaye nyumba yake ni ya tisa kutoka kwa mwenyekiti, kaa.

Kolumba alimpakulia kande kabla hajakaa vizuri. Alikuwa na furaha iliyomfanya mwepesi. Alisimulia jinsi mke wa mwenyekiti alivyokuja kumwomba radhi na kuku, na yule kuku akatoroka kabla radhi haijaisha. Fulgensi alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mitatu, ikamuuma ubavuni.

"Shangazi," alisema.

"Naam, mwanangu."

"Siku ile ya mkutano. Ya uwaziri."

Alikuwa anataka aanzie hapo, ateremke polepole hadi kwenye chupa. Lakini shangazi yake aliweka mwiko chini na kumtazama kwa huruma, akamwambia ameshalisamehe hilo siku nyingi, tangu alipouona mkono wake shambani. Kijana akitukana kwa mdomo na akasaidia kwa mkono, alisema, mtu mzima huangalia mkono.

Akamwongezea kande. Fulgensi alikula yote. Lilikuwa jambo pekee aliloweza kufanya na kinywa chake. Aliteremka mlima na aibu imemkaa tumboni pamoja na maharage, hakuna kilichosagika.

*

Jumamosi walipanda watu zaidi ya mia, na ndoo, matenga, viroba, mmoja na beseni la kuogeshea mtoto. Daktari Imakulata alikuwa ameshapima na kugawa mistari kwa kamba. Mwenyekiti alitoa hotuba fupi, jambo ambalo lenyewe lilionesha hali ilivyo mbaya, kisha akamkabidhi Fulgensi sepetu. Uanze mkono wa baraka, alisema.

Watu wakasogea. Kolumba alikuwa mbele yao, amevaa kitenge cha Jumapili.

Fulgensi aliichomeka sepetu ardhini na kuiachia, ikasimama yenyewe.

"Msichote," alisema. "Humu kuna Mfadhili. Nilimtia mimi."

Watu wakacheka.

Hilo hakulitarajia. Alitarajia mawe, ukelele, hata kofi la mwenyekiti. Badala yake kicheko kilianzia kwa vijana nyuma, kikaja mbele, kicheko cha upendo kabisa, cha watu waliokumbuka mtu wao. Huyu ndiye Fulge wetu. Amerudi. Mama mmoja alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya khanga. Hata ile nafasi ya kunyamaza aliyoifanyia mazoezi mwaka mzima, waliijaza wao wenyewe, vizuri kuliko alivyowahi kuota.

Akarudia. Robo chupa, chini ya nyasi, Machi ya mwaka jana, ili amcheke shangazi yake. Kicheko kikapungua kwa mafungu, kama jenereta inayoishiwa mafuta. Akarudia mara ya tatu, akataja fomu, na dole gumba, na neno hapana. Safari hii kilibaki kicheko cha mtoto mmoja tu, naye alizibwa mdomo.

Kolumba hakuwa amecheka hata mara ya kwanza.

Daktari alikuwa wa kwanza kusogea. Hakupoteza muda na hasira, alikuwa na siku kumi na mbili. Aliuliza ni mashimo yapi.

"Sijui."

"Ulianzia wapi? Uliishia wapi?"

"Katikati, huko. Sikumbuki, daktari. Nilikuwa nacheka. Sikuhesabu."

Angekuwa mwizi angekumbuka. Mwizi hukumbuka kila mlango. Lakini yeye alilitia shamba la mtu sumu na hakulipa hata heshima ya kuliangalia vizuri, na ni hapo, mbele ya zile ndoo tupu, alipoielewa aibu yake sawasawa: si kwamba alikuwa mbaya, ni kwamba hakuwa makini hata katika ubaya.

Daktari alianza kusema kwamba basi shamba zima limepotea. Ndipo Kolumba akainama.

Aling'oa bua kavu la hindi, akalivunja vipande, akaingia shambani. Alichomeka kipande kwenye ukuta wa shimo moja. Akaruka mawili, akachomeka kwenye la tatu. Alikwenda hivyo, bila haraka, anang'oa mabua mengine yale ya kwanza yakiisha, na watu zaidi ya mia walisimama wakimwangalia mgongo. Mwishoni kulikuwa na vijiti thelathini na saba.

Mwenyekiti alimuuliza kwa upole amejuaje. Kolumba alimjibu mwenyekiti, lakini alikuwa akimtazama Fulgensi.

"Mistari yake hupinda kushoto akikaribia mwisho. Nilikuwa nainyoosha kwa jembe wakati wa kufukia, ili watu wasimseme." Akajifuta mikono kwenye kitenge. "Mwaka mzima, kila nikipita hapa, nilikuwa nayatazama mashimo haya thelathini na saba, nafurahi."

Fulgensi alitamani aseme zaidi. Alitamani wampige.

Daktari alikwenda juu ya kijiti cha kwanza na kuhesabu. Maji huteremka, alieleza, na Mfadhili huteremka nayo. Kila shimo lililo sambamba na vijiti au chini yake halina dhamana. Yaliyobaki safi yalikuwa ya juu kabisa, yanayopakana na mawe, safu tatu. Udongo wake ungetosha kipande cha mteremko kilicho juu ya shule na nyumba kumi na moja. Waliobaki, nyumba thelathini na moja, wahame kabla ya tarehe saba, na wasirudi mpaka udongo wao ufundishwe upya kupumua, kazi ya miaka.

Nyumba ya mwenyekiti haikuwa kati ya zile kumi na moja. Aliigeuza ndoo yake kichwa chini, akaikalia, akatazama bonde kwa muda. Alikuwa na ubishi wa kutosha mikoa miwili, na Fulgensi alimsubiri abishe.

"Basi twendeni tukabomoe," alisema mwenyekiti, akainuka.

Waliteremka kwa mistari. Hakuna aliyemgusa Fulgensi. Walimpita kama wanavyolipita jiwe lililo katikati ya njia, huyu kulia, yule kushoto, bila kulichukia. Mama yake alikuwa wa mwisho. Alisimama mbele yake, akamfunga kifungo cha shati kilichokuwa wazi, akateremka kwenda kung'oa mabati.

*

Nyasi zililazwa Jumanne, juu ya shule, nje kabisa ya msimu, na kila kundi la nyasi lilinyunyiziwa konzi moja ya udongo wa safu tatu, kwa kipimo cha kikombe, kama dawa. Fulgensi hakuwa ameitwa. Alikwenda kwa sababu kubaki nyumbani kulikuwa kubaya zaidi, na nyumba yenyewe haikuwa na paa.

Wanaume walikuwa wamejipanga mlimani, kila mmoja na mstari wake. Alichukua mzigo wa nyasi, akaanza mwishoni. Aliyekuwa jirani yake aligundua kwamba kuna kazi upande wa pili, akaenda huko. Ikabaki nafasi ya mistari miwili. Hakuna aliyemfukuza. Alilaza nyasi polepole, akitumia kamba ambayo hajawahi kuitumia maishani, akipima kila mraba kwa hatua, akirudi nyuma kutazama, akinyoosha. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya kwa mkono.

Wanawake wakaja nyuma na majembe. Kila mmoja aliuchukua mstari ulio mbele yake, kama ilivyo desturi, na vumbi la majembe likapanda. Mstari wa Fulgensi ulikuwa mbele ya mke wa mwenyekiti. Aliutazama, akahama, akamsaidia mwenzake. Mwingine alifika hapo akahama vilevile. Majembe yalisonga mbele mlimani, kushoto yote, na nyuma yao kuta mpya za ngoro zikawa nyeusi na mbichi, na pembeni ukabaki mstari mmoja wa nyasi tupu uliolazwa kwa kamba, unakauka juani na konzi zake za udongo hai zikikauka ndani yake.

Kwa mahesabu ya daktari udongo ule usingevumilia jua zaidi ya saa moja. Fulgensi alijua. Alijua pia kwamba jembe lilikuwa pale, limeegemezwa kwenye mti, na kwamba mwanamume hafukii nyasi alizozilaza mwenyewe, na kwamba akilishika leo hakuna atakayemkataza, na hilo ndilo lililomtisha: kwamba ameshafika mahali ambapo watu hawajisumbui tena kumkataza.

Akawa anaangalia lile jembe alipomsikia mtu anakohoa nyuma yake.

Kolumba alikuwa amepanda taratibu, na jembe lake begani. Hakumsalimu. Alisimama kwenye mraba wa kwanza, akautazama ulivyonyooka, na uso wake haukuonesha kitu. Kisha akaliweka jembe chini. Akapiga magoti, akaingiza mikono yote miwili chini ya nyasi, akaziinua, akachungulia. Alichota udongo uliokuwa humo kwa vidole, akaunusa. Akazirudisha nyasi kama zilivyokuwa.

Akainuka, akachimba, akafukia.

Akasogea kwenye mraba wa pili. Akaliweka jembe chini, akapiga magoti, akainua nyasi.

Fulgensi aliokota mzigo mwingine wa nyasi na kuanza kulaza mstari wa pili.